Mzee Tolkien, bingwa wa kusubiri na kusubirisha

Leo naziweka siasa pembeni, tuzungumze habari za mzee mmoja ambaye wengi wetu tulimjua kwa sinema kabla ya kumjua kwa kitabu. Namzungumzia J.R.R. Tolkien, yule Mwingereza aliyeandika The Hobbit na The Lord of the Rings.

Kwa nini leo? Kwa sababu wapenzi wa hadithi zake wameingia tena kwenye foleni. Mei 2024 ilitangazwa kwamba inakuja filamu mpya ya Gollum, yule kiumbe mkondefu mwenye macho makubwa aliyeharibiwa na uchu wa pete. Mwongozaji ni Andy Serkis, yuleyule aliyemwigiza Gollum. Kwanza ikasemwa ni 2026, halafu ikasogezwa mpaka Desemba 2027. Basi watu wanahesabu miezi!

Sisi wa zamani kidogo tunaikumbuka foleni ya kwanza. Tarehe 7 Aprili 2000 kipande kifupi cha kuonjesha filamu kiliwekwa kwenye intaneti, na ndani ya saa 24 kikapakuliwa mara milioni 1.7. Kumbukeni ule ulikuwa wakati wa intaneti ya waya wa simu. Unalipia nusu saa yako, mstari unatambaa, muda unakwisha na video haijafika hata robo. Mwanzoni mwa 2001 kule Marekani trela ikatangulizwa kwenye sinema nyingine kabisa, na kuna waliolipa kiingilio kwa ajili ya ile trela tu. Filamu yenyewe ilitoka Desemba 2001.

Sasa mimi nasema hivi: huyu mzee alisubiri kuliko shabiki yeyote, na akawasubirisha watu kuliko mwongozaji yeyote wa filamu. Na hiyo sinema tunayoipapatikia, yeye aliiogopa. Ukiyajua maisha yake utaelewa ni kwa nini.

Tuanze mwanzo. Wengi hawajui kwamba Tolkien alizaliwa Afrika. Ni tarehe 3 Januari 1892, mjini Bloemfontein, katika nchi inayoitwa sasa Afrika Kusini. Baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki pale. Mtoto alipoanza kutembea aliumwa na buibui mkubwa bustanini, yaya wake akamnyonya sumu. Watu wanapenda kusema ndiyo maana vitabu vyake vimejaa buibui wa kutisha. Mwenyewe alisema hakumbuki buibui, anakumbuka jua kali na yeye akikimbia kwenye majani marefu makavu.

Joto lilimsumbua mtoto, kwa hiyo mwaka 1895 mama yake, Mabel, akamchukua yeye na mdogo wake Hilary wakaenda Uingereza kupumzika. Baba angewafuata. Wakamsubiri. Februari 1896 ikaja habari kwamba Arthur amefariki kule kule Bloemfontein kwa homa. Mtoto alikuwa na miaka minne. Huko ndiko kusubiri kwake kwa kwanza, na aliyesubiriwa hakufika.

Mama akapanga nyumba ndogo Sarehole, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Birmingham, chenye kinu cha kusaga unga, mto na miti mingi. Watoto hawakupelekwa shule mara moja, mama mwenyewe akawafundisha. Alimfundisha mkubwa Kilatini, Kijerumani na majina ya mimea. Ukisoma jinsi hobiti wanavyoishi, wale watu wafupi wapenda kula, bustani na amani, unaisoma Sarehole ya miaka ile. Baadaye jiji likakimeza kile kijiji, na mzee hakuwahi kulisamehe.

Mwaka 1900 Mabel akaingia Ukatoliki. Ndugu zake wakakasirika, msaada wa fedha ukakatwa. Akahangaika na watoto wawili na umaskini, halafu kisukari kikamshika. Insulini iligunduliwa 1921, yeye alifariki Novemba 1904 akiwa na miaka 34. Tolkien alikuwa na miaka 12, yatima kamili. Aliyebaki kuwalea yeye na mdogo wake ni padri mmoja wa Birmingham, Francis Morgan, ambaye mama alimwachia wosia.

Hapa ndipo linaingia suala la mapenzi, vijana kaeni vizuri. Mwaka 1908, katika nyumba ya kupanga walimokuwa wanaishi, Tolkien akakutana na msichana anaitwa Edith Bratt. Yeye miaka 16, binti miaka 19, naye yatima. Wakapendana. Padri alipogundua aliwaka. Kijana anajiandaa kwa mtihani wa kuingia Oxford, halafu yuko kwenye baiskeli na mchumba? Na kweli, mara ya kwanza mtihani wa kupata ufadhili ukamshinda. Padri akatoa amri: hakuna kumwona, hakuna kumwandikia, mpaka utimize miaka 21.

Wangapi kati yetu wangetii? Huyu alitii. Karibu miaka mitatu bila barua. Usiku wa tarehe 3 Januari 1913, siku anatimiza miaka 21, akakaa kitandani akamwandikia Edith. Jibu likarudi: Edith amekwisha kuchumbiwa na mtu mwingine, alidhani amesahauliwa. Jamaa hakukata tamaa. Siku chache baadaye akapanda treni mpaka Cheltenham, wakatembea, wakazungumza mchana kutwa. Jioni Edith akawa ameamua kumrudishia yule mwingine pete yake. Ndiyo, pete!

Walifunga ndoa Machi 1916. Asali haijaisha mdomoni, Juni akapelekwa Ufaransa vitani.

Vita vya Somme vilianza tarehe 1 Julai 1916, na siku hiyo moja tu karibu askari 20,000 wa Uingereza waliuawa. Mmoja wao alikuwa Rob Gilson, rafiki wa Tolkien tangu shuleni. Walikuwa marafiki wanne, wenyewe walijiita klabu, wanakunywa chai na kubishana mashairi, wanaamini wana kitu cha kuiambia dunia. Tolkien alikuwa ofisa wa mawasiliano ya simu na ishara. Miezi minne akawa kwenye mahandaki, matope na maiti, mpaka chawa wakamwambukiza homa ya mahandaki, akarudishwa Uingereza Novemba. Ile homa huenda ndiyo iliyomwokoa, maana mwaka 1918 kikosi chake kilikaribia kufutika.

Desemba 1916 rafiki mwingine, Geoffrey Bache Smith, naye akafa kwa majeraha ya bomu. Kabla ya kufa alikuwa amemwandikia Tolkien barua, akimwombea Mungu ambariki, na kwamba kama yeye Smith atakufa, basi Tolkien aje ayaseme yale waliyotaka kuyasema wote.

Wadau, hapo ndipo ninapopashika mimi. Watu wanadhani hadithi za mazimwi na wachawi ni za kupotezea muda. Huyu alianza kuziandika akiwa anauguza homa ya vita, na deni la marehemu shingoni. Wale hobiti wawili wanaokokota miguu kwenye nchi iliyoungua, mmoja akimbeba mwenzake, hawakutoka hewani.

Baada ya vita akapata kazi kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza kule Oxford, akishughulika na maneno yanayoanza na W. Halafu akawa mwalimu chuo kikuu cha Leeds, na mwaka 1925 akawa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford. Kazi yake ilikuwa lugha, na starehe yake ilikuwa lugha vilevile. Alitunga lugha zake mwenyewe za mbilikizi, yaani Elves, watu warefu wazuri wasiozeeka. Moja aliitunga akiwa amelewa Kifini, nyingine akiwa amelewa Kiwelisi, zote zina sarufi yake. Mwenyewe alieleza kwamba lugha zilitangulia, hadithi zikafuata ili lugha zipate mahali pa kuishi. Kwa wengine sisi tunaoambiwa lugha zetu hazina kazi, hilo ni la kutafakari.

The Hobbit ilianza kama mzaha. Alikuwa anasahihisha mitihani ya shule kwa ajili ya hela ya ziada, maana ana watoto wanne na mshahara hautoshi. Akakuta ukurasa mmoja mtahiniwa ameuacha mtupu, akaandika sentensi moja kuhusu hobiti aliyeishi shimoni. Hakujua hobiti ni nini. Akaanza kutafuta, na hadithi akawasimulia wanawe. Mswada ukafika kampuni ya Allen & Unwin, mwenye kampuni akampa mwanawe wa miaka 10, Rayner, asome kwa ujira wa shilingi moja. Mtoto akasema kizuri. Septemba 1937 kikatoka, nakala 1,500, kufika Desemba zimekwisha.

Mchapishaji akataka cha pili haraka. Desemba 1937 Tolkien akaanza. Alidhani ni kazi ya muda mfupi.

Ikachukua miaka 17 mpaka kitabu kumfikia msomaji!

Sababu? Kwanza, jamaa alikuwa mtu wa kurudia. Akibadilisha tarehe ya mwezi mpevu katika sura moja, anarudi nyuma kurekebisha sura zote. Pili, vita vya pili vikaja, karatasi zikawa adimu, akawa anaandika nyuma ya mitihani ya wanafunzi. Mwaka 1944 mwanawe Christopher alikuwa Afrika Kusini akijifunza urubani wa kijeshi, katika jimbo lile lile alikozaliwa baba yake. Mzee akawa anamtumia sura moja moja kwa posta. Kwa hiyo shabiki wa kwanza kabisa kusubiri mwendelezo wa hadithi hii alikuwa askari kijana aliyekaa kambini Afrika.

Tatu, hakuwa na hela ya kumlipa mpiga chapa. Sehemu kubwa ya maelfu ya kurasa zile alizipiga mwenyewe kwa vidole viwili, mashine ikiwa juu ya kitanda. Nne, alipomaliza mwaka 1949 akagombana na mchapishaji, akajaribu kampuni nyingine, miaka ikapotea. Aliyemrudisha ni yule Rayner, sasa mtu mzima. Akamwandikia baba yake kwamba kampuni inaweza kupoteza hadi pauni 1,000, lakini kitabu ni kikubwa. Baba akakubali. Mkataba ukawa hivi: mwandishi hapati kitu mpaka gharama zirudi, baada ya hapo faida inagawanywa nusu kwa nusu. Walidhani wanajikinga na hasara. Kumbe walikuwa wanamtajirisha mzee.

Kwa ukubwa wake, kitabu kikakatwa mara tatu. Cha kwanza kilitoka Julai 1954, cha pili Novemba mwaka huo huo. Sasa cha pili kinaishia pabaya: Frodo, yule mbeba pete, amekamatwa na adui. Msomaji anafungua kurasa za mwisho, hakuna. Cha tatu kiko wapi? Mzee anashughulika na viambatisho, kalenda, nasaba na alfabeti! Wasomaji wakaandika barua za kulalamika. Cha tatu kilitoka Oktoba 1955, miezi 11 baadaye. Sisi tuliosubiri filamu kila Desemba, 2001, 2002 na 2003, tulikuwa tunarudia mateso ya babu zetu.

Umaarufu mkubwa ulikuja 1965, na ulikuja kwa njia tunayoijua vizuri: chapa za bei poa. Kampuni ya Marekani inaitwa Ace Books ilitoa kitabu bila kumlipa mwandishi, ikitumia mwanya wa sheria ya hakimiliki ya kule. Mzee alifanya nini? Kila shabiki wa Marekani aliyemwandikia, alimjibu na kumweleza kwamba nakala ile haimlipi. Wanafunzi wa vyuo wakaeneza habari, Ace mwishowe wakalipa. Mashabiki walimpigania kabla hakujawa na intaneti.

Lakini mashabiki nao wana vituko. Walimpigia simu kutoka Marekani usiku wa manane, wamesahau kwamba saa zinatofautiana. Wakaja mpaka mlangoni kupiga picha. Mwaka 1968 yeye na Edith wakahamia pwani, karibu na Bournemouth, na anwani ikawa siri.

Haya, tufike kwenye sinema.

Mwaka 1957 Wamarekani watatu walimfuata wakitaka kutengeneza filamu ya katuni. Walimwonyesha michoro, akaipenda. Hakuwa mtu wa kukataa tu kwa ubishi. Msimamo wake na mchapishaji ulikuwa wazi: ama tulipwe hela ya maana, ama tuheshimiwe kazi yetu. Mwaka 1958 muhtasari wa filamu ukamfikia. Mzee akachukua kalamu, akaujaza masahihisho kama profesa anayesahihisha mtihani uliofeli. Jina la Boromir limeandikwa Borimor, tena na tena. Tai wakubwa, ambao kitabuni wanaonekana mara chache, wamefanywa kama teksi. Mapigano yameongezwa, safari imefupishwa. Kilichomuuma zaidi ni kuona mtu amekichukua kitabu bila kuelewa kiini chake kiko wapi. Dili likafa.

Miaka 11 baadaye, 1969, akauza haki za filamu kwa kampuni ya United Artists. Yuleyule! Wengine wanamlaumu. Mimi namwelewa. Alikuwa na miaka 77, mke mgonjwa, watoto wanne, na kodi ya Uingereza ilikuwa inakula sehemu kubwa ya mapato yake. Heshima alikwisha kuipigania, sasa akachukua ile nyingine, hela. Lakini jueni maana yake: kazi aliyoitunza tangu vitani, yenye deni la marafiki wawili waliokufa, aliikabidhi kwa watu asiowajua, bila uwezo wa kusema hapana tena.

Hakuiona filamu. Edith alifariki Novemba 1971. Kwenye kaburi akaandikisha jina Lúthien, yule binti wa mbilikizi katika hadithi zake, aliyeacha kuishi milele kwa ajili ya binadamu aliyempenda. Hadithi ile ilianza siku moja mwaka 1917, Edith alipomchezea dansi kwenye kichaka chenye maua meupe. Tolkien akarudi Oxford peke yake. Mwaka 1972 Malkia akamtunuku nishani, na tarehe 2 Septemba 1973 akafariki Bournemouth akiwa na miaka 81. Akazikwa na mkewe, na jina la Beren, mpenzi wa Lúthien, likaandikwa chini ya lake.

Yaliyofuata mnayajua. Katuni ya Ralph Bakshi ilitoka 1978 ikaishia katikati ya hadithi, mwendelezo wake haukuja. Halafu Peter Jackson akapiga filamu tatu kwa mpigo kule New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, na ya mwisho ikazoa Oscar 11 mwaka 2004. Christopher, yule askari wa kambini, alitumia maisha yake yaliyobaki kuchapisha maandiko ya baba yake, kuanzia The Silmarillion mwaka 1977 hadi uzeeni. Mwaka 2012 aliwaambia waandishi wa Ufaransa kwamba filamu zile zimekigeuza kitabu kuwa sinema ya mapigano ya vijana. Yaani sisi! Alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 95.

Mimi filamu za Jackson nazipenda, sitaki unafiki. Bila zile nisingekifikia kitabu. Lakini nimekisoma, na nawaambia kuna vitu havimo kwenye mkanda. Kuna ule utulivu. Kuna sura nzima za kutembea tu, mtu anaangalia mti. Mwishoni hobiti wanarudi nyumbani wanakuta kijiji chao kimeharibiwa, miti imekatwa, watu wao wenyewe wamegeuka vibaraka, na inabidi waanze kukisafisha kwa mikono yao. Sura hiyo Jackson aliiacha. Kwangu mimi ndiyo iliyobeba kitabu chote, na ndiyo ningependa kila kijana wa hapa aisome.

Kwa hiyo ninyi mnaosubiri Desemba 2027, subirini kwa raha, lakini msikae mikono mitupu. Mwenye kitabu yuko kaburini tangu 1973 na maneno yake hayana tarehe ya kutoka, yameshatoka. Tafuteni nakala, azimaneni, someni. Siku filamu ikija mtakuwa na kipimo chenu wenyewe, na hakuna atakayewauzia Borimor mkadhani ni Boromir.

Nawasilisha. Wewe ulianza na kipi, kitabu au sinema? Na kipi kilikugusa zaidi? Uwanja ni wenu.